Uzoefu wangu: mwaka mmoja na nusu wa chalenji katika klabu ya filamu Mwenge

Mwezi huu watu watatu wameniuliza kama ada ya klabu yetu ya filamu inalipa. Wote niliwajibu kwa voisi ndefu za WhatsApp, kwa hiyo nimeona bora niandike mara moja. Kama unataka kuingia kwa sababu ya chalenji za kila mwezi, ingia hata kesho. Kama unachokitaka ni kombe la shindano la mwaka, subiri kwanza, sababu nitaeleza.

Mimi ni karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, Dar es Salaam, naishi Mbagala Rangi Tatu. Filamu sijasomea popote. Mimi ni wa kizazi cha CD za Bongo Movie, kile ambacho mwigizaji Kanumba alipofariki Aprili 2012 mtaa mzima ulikaa kama umefiwa nyumba kwa nyumba. Tangu hapo nilitamani kutengeneza kitu changu. Simu nilikuwa nayo na hadithi zilikuwepo kichwani, ila sikuwa na mtu wa kuniambia ukweli kuhusu nilichokipiga. Nyumbani kila kitu ni "hongera dada, nzuri sana". Ukiambiwa nzuri mwaka mzima hujifunzi kitu.

Kiingilio nililipa shilingi 20,000, na ada ni 10,000 kwa mwezi. Tuko kama 30: mwalimu wa msingi, fundi friji, nesi, wanafunzi wa chuo, mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi za umeme maisha yake yote. Tunakutana Jumamosi mbili kila mwezi kwenye ukumbi mdogo Mwenge, si mbali na soko la vinyago. Viti vya plastiki, projekta moja, shuka jeupe ukutani.

Chalenji ziko hivi. Kila mwezi linatolewa sharti moja. Filamu ya dakika mbili bila neno hata moja. Hadithi nzima ndani ya chumba kimoja. Mazungumzo ya simu ambayo tunamwona mtu mmoja tu. Mwezi mmoja tuliambiwa kamera isipande juu ya kimo cha mtoto wa miaka mitatu, na nakwambia, ukiishusha kamera hadi hapo hata sebule ya nyumbani kwako huijui tena. Zawadi hakuna. Filamu zinaonyeshwa bila majina, na kila aliyekaa ukumbini anaandika kwenye kikaratasi vitu viwili tu: wapi alikazia macho, na wapi mawazo yalimtoka. Neno "nzuri" haliruhusiwi, wala "mbaya". Ukirudi nyumbani una vikaratasi ishirini na kitu mkononi, na vitano vikitaja sekunde ileile kwamba hapo walikupoteza, huna pa kujifichia.

Iliyonibadilisha ni chalenji ya tatu. Sharti: shuti moja, sekunde 50, kamera isisogee, bila sauti. Mwenyekiti alitueleza lilikotoka. Auguste na Louis Lumière, ndugu wawili wa Ufaransa, walipowaonyesha watu filamu zao kwa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, mkanda mmoja ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi. Ukiisha mkanda, filamu imeisha. Ni sekunde 50 kwa makadirio, hakuna kukata wala kurudia katikati, kwa hiyo lazima uamue mapema kamera ikae wapi.

Niliamua kumpiga mzee muuza kahawa wa kijiweni kwetu, anayepita alfajiri kabla sijaenda kazini. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa, akakubali. Shida ikajitokeza palepale: yule mzee anajulikana kwa mlio. Anashika vikombe viwili vidogo mkono mmoja, anavigonganisha, na mtaa unajua kahawa imefika. Sasa filamu haina sauti. Siku ya kwanza nikaisogeza simu karibu kabisa na mkono wake. Nilipoangalia, niliona mkono unatikisika, basi. Siku ya pili nikajaribu upande mwingine, ikawa vilevile.

Siku ya tatu nikamgeuzia mzee mgongo. Simu nikaiweka juu ya matofali mawili, inatazama benchi. Wamekaa wanaume watano, wameinamia drafti na simu zao. Kichwa kimoja kinainuka. Kinafuata cha pili. Wa tatu hainui kichwa, ila mkono unaingia mfukoni unatafuta sarafu. Mmoja anasogea kidogo kuacha nafasi kwenye benchi. Halafu kutoka pembeni mwa picha unaingia moshi wa mkaa, kisha birika lenyewe, na sekunde 50 zinaisha mzee akiwa anainama kumimina. Uso wake hauonekani kabisa.

Ukumbi ulikaa kimya. Kikaratasi kimoja kilisema: "Niliusikia mlio sekunde ya 12." Nimekiweka nyuma ya kava la simu mpaka leo. Nilipomwonyesha mzee mwenyewe aliniuliza, "Binti, mbona mimi simo?" Nikamwambia, wote hawa wanakuangalia wewe, mzee. Akaomba nimrudishie mwanzo. Akaitazama mara nne, kahawa ikipoa.

Sharti lile lilinilazimisha kuuliza swali ambalo nisingeliuliza peke yangu: huyu mtu anaonekana wapi zaidi, kwake mwenyewe au kwa wanaomsubiri? Hiyo kwangu ndiyo thamani ya klabu, na ningekuwa na kamera kubwa na sauti safi ningepita hapo bila kuliona.

Kuna na mambo ya ufundi unayoyaokota njiani. Filamu yangu ya kwanza niliipiga ofisini usiku, na kwenye shuka la ukumbi ikaonekana ina mistari inayotembea juu chini. Nilidhani simu imeharibika. Yule mzee wa umeme akaniita pembeni: "Mwanangu, umeme wetu ni hezi 50. Tyubu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na simu yako umeiacha fremu 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Haviendi pamoja." Akanipangia fremu 25 na kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1 kwa 50 ya sekunde, mistari ikaisha. Simu nyingi zinakuja zimepangwa fremu 30, na asilimia kubwa ya tunaoanza hatujui. Kama programu ya kamera ya simu yako haikuruhusu kupanga shata mwenyewe, tafuta inayoruhusu, zipo za bure.

Mara moja kwa mwaka kuna chalenji ya saa 48. Mtindo wenyewe ulianzia Washington, Marekani, mwaka 2001, na sasa unachezwa miji mingi duniani. Kwetu, Ijumaa saa 1 jioni timu zinachota karatasi kwenye kikapu: aina ya filamu, mhusika, kifaa, na sentensi ambayo lazima isemwe. Jumapili saa 1 jioni flashi iwe mezani. Sisi tulichota filamu ya kutisha, fundi viatu, mwavuli, na sentensi "Chenji yangu iko wapi?"

Tulikuwa sita. Skripti iliisha saa 6 usiku nyumbani kwa mhariri wetu, Kariakoo, na Jumamosi tukashuti kutwa. Tulipanga shuti mbili za magharibi, ile dakika anga likiwa bado lina rangi na taa za vibanda zimeshawaka. Tulipata moja. Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, jua likishazama hesabu dakika kama 20, ni giza. Tulibishana sana pale barabarani, mwishowe nesi wetu akasema basi shuti ya pili iwe usiku kabisa, fundi viatu amulikwe na taa ya kibanda peke yake na mteja asionekane, isikike sauti tu ikiuliza chenji. Ndiyo shuti iliyofanya watu ukumbini wasogeze viti.

Jumapili mvua ikanyesha tangu alfajiri. Umeme ukakatika saa 4 asubuhi, ukarudi saa 8. Mhariri alipunguza mwanga wa laptop hadi mwisho akawa anakata picha amejifunika shuka ili aione skrini. Saa 12 na robo jioni flashi ikawa tayari. Tukapanda bajaji, Jangwani maji yamepita juu ya barabara, tukazungukia Upanga na Salenda. Tulifika Mwenge saa 1 na dakika 11.

Kwa kuwa tulichelewa, filamu yetu ilionyeshwa bila kuhesabiwa kwenye chalenji. Iliniuma, na usiku ule sikulala vizuri. Lakini kanuni ile naitetea. Timu moja kutoka Gongo la Mboto iliwasilisha saa 12 na dakika 58 filamu ambayo dakika yake ya mwisho haina sauti kabisa, kwa sababu hawakuwahi kuimaliza, na walistahili kuhesabiwa kutuzidi sisi. Walipanga muda wao, sisi hatukupanga.

Sasa shindano la mwaka. Hapa nina malalamiko na nayasema wazi kwa kuwa naipenda klabu.

Kushiriki ni shilingi 30,000 kwa filamu. Zote zinaingia kapu moja: aliyepiga kwa simu na aliyekodi kamera ya sinema pamoja na droni. Mwaka jana tulikuwa filamu 14. Iliyoshinda ilikuwa kazi ya watu wanaojua wanachofanya, simnyimi mtu haki yake. Tatizo ni kwamba mmoja wa waamuzi alikuwa amesaidia kuediti filamu mojawapo, ukumbi mzima unajua, na hakukaa pembeni. Filamu hiyo ikawa ya pili. Sisemi alipendelea. Nasema hatuna njia ya kujua, kwa sababu alama hazikutolewa. Nilipoziomba niliambiwa waamuzi wameshamaliza kazi yao. Filamu yangu ya dakika nane, iliyonila miezi mitatu, bando, nauli za waigizaji na wali wa watu tisa kwa siku nne, haikurudi na mstari mmoja wa maoni. Chalenji isiyo na zawadi inanipa vikaratasi ishirini, shindano la 30,000 likanipa kimya. Hilo sikulikubali, nikaliandikia barua kamati.

Kamati ilitujibu, niseme ukweli. Kuanzia mwaka huu majina yatafichwa kama kwenye chalenji, na mwamuzi mwenye mkono kwenye filamu yoyote atajitoa. Filamu za simu kuwa na kundi lake bado wanalijadili. Waamuzi kuandika maoni kwa kila filamu bado hawajalikubali, na mpaka watakapolikubali mimi sipeleki filamu kwenye shindano la mwaka.

Mengine ya kujua kabla hujalipa. Wimbo wa mtu bila ruhusa, filamu haipokelewi, iwe chalenji au shindano. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na klabu inaifuata. Mwanzoni niliona wananibana, siku hizi namrekodi jirani yangu anayepiga ngoma. Ukitaka kushuti kwa vifaa maeneo ya watu wengi, viongozi wanakusaidia kuandika maombi ya kibali Bodi ya Filamu, ila anza mapema, usiende wiki ya mwisho. Maiki za klabu za kubana shatini ni mbili tu kwa watu 30, kwa hiyo weka jina mapema. Yenye kava la sponji ndiyo nzuri, ile nyingine inakwaruza upepo ukivuma.

Na hili nawaambia hasa dada zangu wa mbali. Vikao vinaisha saa 3 usiku. Kutoka Mwenge mpaka Rangi Tatu saa hiyo ni safari, na nauli ya bodaboda inazidi ada yenyewe. Tumeomba kikao kianze saa 8 mchana, na kimoja kati ya viwili kimeshahamishwa. Mimi nahudhuria hicho, na kile cha usiku naenda tukiwa wawili au watatu wa njia moja.

Ada yangu nimeshalipa ya miezi sita mbele. Sharti la mwezi huu ni mlango: filamu ya dakika moja, mlango mmoja, na hakuna anayeruhusiwa kuupita. Nimeshapata mlango wangu, wa stoo ya saruji dukani, ule wa bati unaovutwa kwa minyororo. Alfajiri mwanga unaingia kwa chini, na unaona vivuli vya miguu ya vibarua waliosimama nje wakisubiri ufunguliwe.