Kliniki ya punda Lamu, nyota tano kutoka kwangu

Kama umeshawahi kushuka jetini Lamu mjini ukatembea kando ya bahari kuelekea kaskazini basi umeshaipita hata kama hukujua, pale punda wamesimama kivulini hawana shogi (lile tandiko la kubebea) wala mzigo, ndio Donkey Sanctuary. Watalii huingia wakapiga picha zao wakatoka. Mimi nataka kuizungumzia upande wa wenye punda maana ndio wateja wenyewe na sioni wakiisifia popote.

Bei kwanza: bure. Ni tawi la shirika la Uingereza alilolianzisha Elisabeth Svendsen mwaka 1969, hapa Lamu wamefungua 1987 na matibabu hulipii, dawa ya minyoo, vidonda, kwato, yote. Sasa fikiria mji ambao vichochoro vyake gari haipiti, saruji, mchanga, mawe, hadi kabati la bibi harusi vinafika mlangoni mgongoni kwa punda, halafu mwenye punda mwenyewe ni mtu wa kipato cha leo kwa leo, angeambiwa alipe daktari angempaka majivu akaendelea na kazi. Wenyewe Lamu wanasema mtu asiye na punda ni punda, nadhani hapo mmeelewa.

Kilichonifurahisha zaidi ni vile wanavyoongea na watu. Nikiwa pale aliingia kijana mdogo hivi na punda jike, ana kidonda kibichi chini ya mkia pale kamba ya shogi inapopita, nikasema leo huyu atagombezwa mpaka basi. Kijana akaanza kujitetea kabla hajaulizwa, "Ami, huyu ni wa babu, mimi nabebea mchanga tu." Mhudumu akamwambia, "Haya mwanangu, mshike kichwa." Akakiosha kile kidonda taratibu, nzi wakatawanyika, punda akalaza masikio nyuma lakini hakurusha teke (na asante yake mnaijua ilivyo). Alipomaliza akaichukua ile kamba ya nailoni akampitishia kijana kwenye mkono akaivuta kidogo, "Yauma?" "Yauma." Basi, akamuonyesha jinsi ya kuizungushia kitambaa cha pamba na kwamba asipakie mzigo hadi kidonda kifunge. Mimi kuna daktari wa watu hajawahi kunieleza ugonjwa wangu vizuri hivyo.

Halafu kuna mashindano yao ya punda aliyetunzwa vizuri. Msichanganye na mbio za punda za kwenye tamasha, zile anashinda mwenye kasi, huku anashinda mwenye mgongo safi. Waamuzi wanapapasa, wanatazama mbavu, wananyanyua mguu waone kwato, na utaona jitu zima na ndevu zake linamsugua punda kama linampeleka harusini. Mimi naona haya mashindano yanafanya kazi kuliko mabango yote ya kuhurumia wanyama, kwa sababu hapa watu wanashindana na majirani, na nani anataka aonekane punda wake ndio mbovu mtaani?

Lawama yangu haiko kwao iko kwetu mjini. Punda wakimaliza kazi wanaachiwa wajitafutie, wanaishia jaani wanakula plastiki, tumbo linaziba. Mifuko ya plastiki Kenya ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 lakini takataka nyingine za plastiki bado tunazimwaga tu, na huyo ukimpeleka kliniki amechelewa hakuna miujiza.

Na wale wanaosema eti punda ndio wa kufunguliwa kliniki, kumbukeni yaliyotokea bara vilipofunguliwa vichinjio vya punda kuanzia 2016, ngozi zinakwenda China kutengenezwa ejiao, dawa ya kienyeji ya Kichina, watu wakawa wanaamka asubuhi punda hayupo. Serikali ikazuia 2020, mahakama ikaondoa zuio 2021, mpaka Umoja wa Afrika ulipoamua Februari 2024 biashara ya ngozi isimame. Aliyeibiwa punda wa kubebea maji ndio atakwambia thamani yake.

Ukitaka kutembelea nenda asubuhi ndio utakuta kazi, kiingilio hakuna ila ukiwa na chochote changia. Na nyinyi wa Matondoni na Kipungani, najua ni mbali lakini msingoje hadi punda ashindwe kusimama ndio mumlete.