Vifaa vya boti ya familia: vilivyonifaa mimi na ambavyo sitanunua tena

Naandika hii kwa wenye kiboti cha kawaida, sio wavuvi wala wenye yoti, namaanisha mtu mwenye faiba ya futi 19 hivi na mashine ya nguvu farasi 40 anayetoka Kunduchi au Msasani hapa Dar wikiendi na mama watoto, watoto, na shemeji asiyejua kuogelea. Maana ukiingia mtandaoni kutafuta vifaa unaletewa vishikio vya vikombe, taa za bluu za chini ya maji, spika inayoelea, ukija kushtuka hela imekata na nanga ya maana huna. Mi kigezo changu ni kimoja tu, mashine ikizima sasa hivi kati ya kisiwa cha Mbudya na bara na upepo wa kusi unapuliza, hiki kitu kinanisaidia nini?

Kwa kigezo hicho kilicholipa kuliko vyote ni nanga, na kusema kweli sio nanga yenyewe, ni kamba yake. Boti ndogo nyingi unakuta zina kale kananga ka makucha manne kanakojikunja kama mwavuli, na kamba fupi, basi. Hako kwenye mawe kananasa sana (kukatoa sasa ndio kazi) ila mchangani kanaburuzika tu. Nikachukua ya mabawa mawili bapa, ile inayojizika, kwa sababu visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi ya bahari, nanga unatupa kwenye mchanga, matumbawe huyagusi. Afu piga hesabu: umefika maji yamekupwa, kina mita 3, unatupa nanga unaenda zako kula samaki, na siku za bamvua (mwezi mpevu au mwandamo) huku Dar maji yanapanda mita 3 na zaidi, kwa hiyo yakijaa chini yako kuna mita 6, ongeza moja kutoka usawa wa maji hadi pale omo, mbele ya boti, unapofunga kamba, inakuwa 7. Kamba inatakiwa iwe walau mara 5 ya hapo, yaani mita 35, na upepo ukikaza mara 7, karibu 50. Nanga ndogo haishiki kwa uzito, inashika kwa kuvutwa kwa ulalo, kamba ikisimama wima inaing'oa yenyewe. Ndio maana kati ya kamba na nanga unaweka mnyororo mita 3 hadi 5, unailaza na pia unavumilia kukwaruzwa na mawe.

Kamba chukua ya nailoni. Inazama na inavutika kidogo wimbi likipiga. Ile ya plastiki ya bluu au njano ni rahisi lakini inaelea, na kamba inayoelea nyuma ya boti inaitafuta propela tu. Maduka ya vifaa vya uvuvi yanazo, wanakupimia kwa mita, huna haja ya kuagiza nje.

Jaketi okozi sasa. Angalia lebo ndani kuna namba na herufi N (nyutoni, nguvu ya kukuelea): 50, 100, 150. Ile ya 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na msaada uko karibu, mtu akizimia haimgeuzi uso juu. Shemeji wetu yule anahitaji 100 kwenda juu, yenye kola. Za watoto hakikisha ina mkanda wa kupita katikati ya mapaja na kishikio nyuma ya shingo, mvalishe dukani, funga mikanda, mnyanyue kwa mabega ya jaketi, ikipanda mpaka masikioni ni kubwa, iache hata muuzaji akikwambia "atakua nayo". Rangi chungwa au nyekundu, bluu ni nzuri kwenye picha ila baharini haionekani. Nilinunua pia moja ya kujijaza yenyewe kwa mtungi wa gesi, 150N, nyembamba, unavaa siku nzima husikii joto, ni tamu kweli, ila ikishafyatuka mara moja unahitaji mtungi mpya na kile kidude kinachoyeyuka kikilowa ndio kinaufyatua, na mitungi ya gesi haisafirishwi hovyo kwa ndege, nilisubiri mpaka nikachoka. Kwa wageni na watoto za povu zinatosha, hazina mtungi wa kubadilisha.

Vitu vya bei ndogo ambavyo watu wanavidharau: ile kamba ya kuzimia mashine, ya kuvaa mkononi au gotini, nahodha akirushwa nje mashine inazima. Nunua na ya akiba maana ikipotea mtu anafunga swichi kwa uzi ili awashe aende, nimeshaona. Kingine ni vile vikombe viwili vya raba vya kubana pale mashine inapovuta maji ya kupoozea, unaunga mpira wa bustani, unawasha kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) dakika kama kumi ukirudi, chumvi inatoka, fundi anakusahau. Makasia mawili na kopo la kufulia maji yanayoingia botini sihitaji kueleza.

Redio ya VHF ya mkononi, ile ya kuwasiliana baharini, wati 5, isiyoingia maji, nimeridhika nayo ingawa usitegemee maajabu, ukiwa umekaa chini kwenye boti inafika maili chache. Chaneli 16 ndio ya dharura. Simu nayo ibebe, kwenye begi la kukunja mdomo, kunja mara 3 kabla ya kufunga, wengi wanakunja moja halafu wanalalamika limevuja. Vishikizo na minyororo midogo ya chuma ulizia stenlesi ya daraja la 316, ya 304 bahari yetu inaipa kutu mapema.

Turubai la kivuli mama watoto hataki kusikia nikilisema vibaya, na kweli jua la saa saba halina mchezo, lakini kusi ikianza linavuta upepo boti inakataa kunyooka, kwa hiyo likunjwe kabla hamjaanza kurudi. Spika inayoelea nimempa mpwa wangu.