Korg TM-60: usiinunue kwa ajili ya tyuna

Korg TM-60 ni kifaa kidogo chenye tyuna, ya kulinganisha sauti za nyuzi, na metronomu, inayolia mapigo kwa kasi unayoichagua. Tyuna za bure zimejaa kwenye simu. Unacholipia hapa ni metronomu, na kwa mpiga gita wa Tanga anayefanya mazoezi barazani peke yake, inastahili pesa yake.

Inakwenda kuanzia mapigo 30 hadi 252 kwa dakika. Kwenye machaguo yake ya mapigo, ukishavuka ya kawaida na ya tatu-tatu, utakuta yanayogawa pigo moja mara nne na yanayoruka mapigo ya katikati. Wengi hawafiki huko. Anayejifunza ridhimu za Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, bendi za zamani za Tanga, aanzie hapohapo, kabla hajagusa solo.

Chukua baa nne (vipande vifupi vya mapigo) zinazokushinda, siyo wimbo mzima. Weka 60. Ukizipiga mara tatu mfululizo bila kosa, ongeza 4. Ukikosea shuka 8, maana vidole vimeshaanza kuzoea lile kosa. Ukifikia kasi ya wimbo, tuseme 120, rudisha kifaa kwenye 60 na yale mapigo uyahesabu kuwa la pili na la nne. Hapo utaumbuka. Wapigaji wengi hukimbia sehemu nyepesi na kuburuza wanapohama kodi (chord); metronomu inayolia kila pigo huwavuta warudi kwenye mstari bila wao kujua kwamba walitoka.

Spika ni ndogo. Gita kavu, yaani lisilo la umeme, linaivumilia, ila ngoma mbili zikianza huisikii tena. Tundu la hedifoni lipo: vaa sikio moja, jingine liachie gita.

Tyuna yenyewe ni sahihi, na unaweza kuiwasha pamoja na metronomu. Wapiga udi wa taarab wasiitegemee sana. Kwenye rast, mojawapo ya maqam (mifumo ya noti ya Kiarabu), sauti ya tatu huangukia katikati ya noti mbili za piano, kwa hiyo sindano ya tyuna itakulaumu bure.

Inatumia betri mbili za AAA. Zitoe ukipumzika kwa muda mrefu. Betri za bei chee huvuja, na kwa hewa yetu ya bahari vile vyuma vya ndani havichelewi kuota ukungu wa kijani.

TM-60C ni ileile, ila huja na maiki ya kubana kichwani mwa gita. Inamfaa anayetyuni gita kavu katikati ya kelele za bendi. Mwenye gita la umeme achukue ya kawaida, achomeke waya basi.