Kabla hujanunua adapta ya intaneti ya nyaya za umeme, tazama waya wa ethi

Malalamiko ya wasomaji yamefanana mno: nyumba ni ya zamani, kuta nene, Wi-Fi haipenyi, mtu kanunua jozi ya adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Boksi limeandikwa megabiti 2000, chumba cha mwisho hakipati hata 100. Akirudi kwa muuzaji anaambiwa ruta yake mbovu. Ruta ya watu haina kosa!

Tatizo liko kwenye ethi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. Adapta za kisasa, ziwe za kiwango cha HomePlug AV2 au cha G.hn, hupata ile kasi kubwa kwa kutumia waya zote tatu: laivu, nyutro na ethi. Mbinu hiyo huitwa MIMO. Sasa nyumba nyingi za zamani zilifungwa waya mbili tu. Adapta ikikosa wa tatu haigomi wala haikuambii kitu. Inarudi kimyakimya kwenye njia moja, nawe unabaki kudhani umeuziwa feki. Matundu matatu ukutani nayo si ushahidi. Kuna soketi mpya zilizopachikwa juu ya nyaya za kale; ukifungua nyuma, skrubu ya ethi iko tupu, haijawahi kubana waya wowote. Mwite fundi umeme azime meni swichi, afungue soketi mbili: ya karibu na ruta na ya kule unakotaka intaneti ifike. Siku hizi waya wa ethi huwa wa kijani na njano, ila kwenye nyumba kongwe rangi zisikudanganye, mwache apime. Na usithubutu kuvunja pini ya ethi ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili.

Ndiyo maana chaguo langu namba moja haligusi umeme kabisa. Kama ukutani kuna kebo ya antena au ya televisheni ya kebo, chukua adapta za MoCA 2.5, zinazopitisha intaneti kwenye kebo hiyo. Hubeba hadi megabiti 2500, zinazogawanwa na vifaa vyote vya laini hiyo. Kagua vigawanyio, vile vidude vya kugawa kebo moja iende vyumba kadhaa: vya zamani vingi vinaishia megahezi 1000 hivi, na MoCA huanzia 1125, kwa hiyo vibadilishe. Weka filta pale kebo inapoingilia, mawimbi yako yasimfikie jirani. Kebo ya dishi la setilaiti iache, masafa yatagongana.

Namba mbili ni nyaya za simu, ukibahatika. Fungua soketi ya simu. Ukikuta jozi nne zilizosokotwa na ganda limeandikwa Cat5e, yaani kebo ya mtandao, adapta ya nini? Badilisha soketi tu iwe ya mtandao, mradi kila waya uende moja kwa moja bila kurukia soketi nyingine njiani. Gigabiti inataka jozi zote nne.

Namba tatu ndiyo umeme, na hapa mimi ni mtu wa kampuni ya devolo, sifichi. Adapta yao ya Magic 2 inatumia G.hn, ina mlango wa gigabiti wa kuchomeka kebo ya mtandao, na toleo lenye soketi usoni lina filta ya kuzuia makelele ya vifaa unavyochomeka humo. Isiyo na soketi hiyo hukumalizia tundu la ukutani, ikaishia kwenye ekstensheni yenye kinga, nayo humeza mawimbi. Usiichanganye na za HomePlug, hazisikilizani.

Za bei ya chini zenye mlango wa megabiti 100: printa, basi.

Lakini wauzaji! Boksi linapiga kelele 600, mlango wa 100 umefichwa chini kwa herufi za mchwa, na hiyo 600 yenyewe kwenda na kurudi zinaigawana. Wengine wanakuuzia kipande kimoja wakijua fika hakifanyi kazi bila mwenzake. Swali la kama nyumbani unacho kingine hawakuulizi mpaka urudi dukani umenuna, na hapo cha pili kinauzwa ghali kuliko cha kwanza.