Kamera ya gari: chukua ya mbele na nyuma, ya mbele peke yake ni nusu hasara

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka aende zake: hii kamera ni nzuri na nimeridhika nayo, ila kama hela yako inatosha ya mbele tu bora usubiri kidogo uongeze, uchukue yenye macho mawili. Kero za barabarani zinazomtoa mtu roho nyingi zinatokea nyuma yako, na kamera ya mbele haina habari nazo.

Hii ya kwangu ni ya kampuni isiyo na jina kubwa. Moja inajificha nyuma ya kioo cha kati, nyingine ndogo inabandikwa kwenye kioo cha nyuma ya gari, waya wake unapita pembeni ya dari. Mbele inarekodi 1440p, nyuma 1080p (hiyo ni idadi ya mistari ya picha, ikiwa kubwa picha ni safi zaidi), umeme inachukua kwenye tundu la kuwashia sigara. Inakata video vipande vya dakika moja moja, kadi ikijaa inafuta vya zamani yenyewe, ukifunga breki ya ghafla au ukigongwa sensa ya mtikisiko inakilinda kile kipande kisifutwe. Hayo yote inafanya bila shida, sina la kusema zaidi.

Sasa tumzungumzie huyu jamaa wa nyuma. Unamjua. Uko kwenye leni yako, mwendo ni ule ule ulioandikwa kwenye kibao, mbele yako kuna msururu wa magari huoni mwisho wake, yeye kakukalia mgongoni mpaka kwenye kioo huoni tena taa zake, unaona bonati tu na mtu anatafuna bazoka. Anataka uende wapi? Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari linakula kama mita 28 kila sekunde, ndiyo maana wakufunzi wanahimiza uache walau sekunde mbili, yaani mita 56 hivi, na mvua ikinyesha uongeze. Mtu aliye makini kabisa anahitaji kama sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu ufike kwenye breki, simu ikiwa mkononi ndio usiseme. Huyu kaacha mita tano. Ukifunga breki anakugonga kabla hajashtuka, halafu anashuka anakufokea kwamba wewe ndiye uliyesimama ghafla.

Hapa ndipo kamera ya nyuma inalipa hela yake, lakini kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Lenzi zake ni pana sana, nyingi zinaona nyuzi 140 mpaka 170, na lenzi pana inasogeza kila kitu mbali. Mtu aliyekuwa anakupumulia kisogoni ukimtazama kwenye video anaonekana yuko kwa jirani. Mke wangu nilimwonyesha kipande kimoja akaniambia, "Baba, mbona huyu yuko mbali tu?" Na alikuwepo kwenye gari siku hiyo, kashika mpini wa mlango muda wote!

Dawa yake ni hii. Usiangalie ukubwa wa gari kwenye picha, angalia muda. Tafuta alama yoyote iliyosimama, nguzo ya taa au mwanzo wa mstari mweupe, isimamishe video pale inapochomoza nyuma ya gari lako, kisha sogeza picha moja moja mpaka pua ya gari la nyuma ifike pale pale. Video nyingi zina picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu picha 15 ujue jamaa alikuwa nusu sekunde nyuma yako, na kwa mwendo wa 80 hiyo ni mita 11. Hapo hakuna ubishi wa "mbona yuko mbali". Mwendo wako kamera yenye GPS inauandika chini ya video, hakikisha hicho kipengele kimewashwa maana kwenye ya kwangu ilikuja kimezimwa, sijui nani aliamua hivyo.

Usiku habari ni nyingine na hapa naipunguzia maksi. Mtu akija na fulu, au akikufuata nazo kwa nyuma, kamera inapofuka kama wewe unavyopofuka, picha inakuwa jeupe tupu, na namba ya gari husomi kwa sababu kibao chenyewe kinaakisi mwanga. Kuna kitu kinaitwa HDR ambacho kinachanganya picha ya giza na ya mwanga, kinasaidia kidogo, usitegemee miujiza. Kwa hiyo wale ndugu zetu wa fulu wataendelea kupona. Na wala sio suala la ustaarabu tu, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani umeandika kabisa kwamba ukipishana na mwenzako uzime fulu usimpofushe, na honi nayo ni ya kuonya hatari, sio ya kumwamsha mtu sekunde moja baada ya taa kuwa kijani. Wengine kusema kweli hawajui kama wamewasha. Jamani ile taa ya bluu kwenye dashibodi sio pambo, ikiwaka maana yake unamtesa mtu!

Kwenye foleni kamera ya mbele ndiyo inakuwa na kazi. Wanaotanua kupita pembeni ya barabara inawanasa vizuri sana, namba zinasomeka maana mchana na mwendo ni mdogo. Ila nimeona watu wanachanganya kutanua na kitu kingine. Leni mbili zikiungana kuwa moja, yule anayekwenda na leni yake mpaka inapoishia halafu anaingia kwa zamu, wewe mmoja yeye mmoja, huyo hajakosea kitu. Ujerumani hiyo imo kwenye sheria yao ya barabarani kabisa, kwamba magari yaingiliane kwa zamu pale mwisho wa leni, kama meno ya zipu. Anayekosea ni anayembania mwenzake nafasi kwa hasira, bampa kwa bampa, kana kwamba kumpisha mtu mmoja kutamchelewesha mpaka kesho.

Shemeji yangu ni wa kundi hilo la wabanaji. Siku moja anaendesha yeye, gari likaingia mbele yetu akapiga honi ndefu na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, anaapa yule katuchomekea bila indiketa. Tulivyofika nikamfungulia video kwenye simu. Indiketa inaonekana inawaka, inazima, inawaka, inazima, inawaka tena, ndio gari linaanza kuhama taratibu. Akaangalia mara mbili. Akasema, "Sasa hiyo indiketa ndogo hivyo nani ataiona?" Basi nikanyamaza, shemeji ni shemeji. Ila tangu hapo nimeipenda kamera zaidi kwa kazi hiyo kuliko ya ushahidi wa ajali, kwamba inatenganisha mjeuri wa kweli na mtu aliyekuudhi tu kwa sababu umechoka. Na wajeuri wa kweli wapo, yule anayewasha indiketa akiwa tayari kashaingia leni yako nusu, anakupa taarifa ya msiba uliokwisha kuzikwa.

Kitu kingine, ukiwa na muda chukua video ya foleni uiharakishe mara nane. Utaona taa za breki zinasafiri kutoka gari hadi gari kurudi nyuma kama wimbi, na mbele hakuna ajali wala askari wala shimo. Watafiti wa Japani walionyesha hili kwenye jaribio lililochapishwa 2008: magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wakaambiwa waende mwendo sawa tu, baada ya muda foleni ikajizaa yenyewe bila sababu. Anayekaa mgongoni mwa mtu analazimika kugusa breki kila mara, wa nyuma yake anagusa zaidi, wa kumi anasimama kabisa. Kwa hiyo huyo mwenye haraka ndiye anayewatengenezea wengine foleni, na yeye hata haioni, inatokea nyuma yake.

Mambo madogo madogo ya kujua kabla hujanunua. Zima maikrofoni kwenye mipangilio, kamera inarekodi na sauti za ndani, na hutaki siku ya kupeleka video bima wasikie ya shemeji. Ile sauti inayokuonya kwamba gari la mbele liko karibu nayo izime, kwenye foleni inalia kila mtu anapoingia mbele yako na inakupandisha hasira ambayo hukuwa nayo. Tafuta kamera inayotumia kapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme, badala ya betri ya ndani, maana betri inavimba kwa joto la dashibodi. Kadi nunua ile iliyotengenezwa kwa kamera za kurekodi muda wote, kadi ya kawaida inakufa kimya kimya na utagundua siku unayohitaji video. Ukitaka irekodi gari likiwa limeegeshwa utahitaji kuungwa waya kwenye boksi la fyuzi pamoja na kifaa cha kukata umeme betri ya gari ikishuka, vinginevyo asubuhi utasukuma. Na fundi anayepitisha waya wa nyuma mwambie asiupitishe mbele ya airbag ya pembeni ile ya kwenye nguzo ya kioo, wengi wanauchomeka popote panapoingia.

Sheria nazo uziangalie kwanza kwenye nchi unayoendesha. Kuna nchi hawataki kabisa kamera inayorekodi watu barabarani muda wote. Hapo Ujerumani tena, mahakama yao ya juu ya shirikisho mwaka 2018 ilikubali video ya kamera ya gari itumike kwenye kesi ya madai, huku ikisema kurekodi mfululizo kunavunja sheria ya faragha. Kwa hiyo kuwa na ushahidi ni jambo moja, kumrusha mtu mtandaoni na namba yake ya gari kwa sababu hakukupisha ni jingine.

Nilichokuwa sikitarajii ni kwamba inanasa na wema. Dereva wa lori anakuonyesha kwa mkono usubiri, kuna gari linakuja, halafu njia ikiwa nyeupe anakuruhusu uovateki. Mwingine unampisha anawasha hazadi mara mbili, asante. Vipande hivyo kamera haivilindi kwa sababu hakuna kilichotikisika, lazima ubonyeze kitufe mwenyewe, na kitufe wamekiweka upande wa kioo ambako mkono haufiki bila kuacha kutazama barabara. Hapo na pale kwenye usiku ndipo ilipokatwa nyota. Nne kati ya tano.