Mhandisi wa udongo kwa kiwanja cha mteremko: nyota nne

Kiwanja changu kimeinama kama paa, na ofisi ya vibali ilinirudishia ramani mara mbili kabla sijamwita mhandisi huyu. Siku ya kwanza hakugusa karatasi. Alitandaza mpira mwembamba uliojaa maji, akapima, akasema, "Kila ukienda mita nne, unashuka mita moja." Hiyo ni asilimia 25, yaani nyuzi 14 hivi. Mimi kwenye fomu nilikuwa nimejaza nyuzi 25! Aibu yangu.

Akachimba mashimo mawili, akachukua udongo wa kupima, akachora upya ramani na ukuta wa kuzuia udongo. Kilichonikuna ni vile vitundu vya kutolea maji ukutani, na kokoto za kujaza nyuma yake. Maji yakikwama pale, alinieleza, yanausukuma ukuta pamoja na udongo. Kumbe ofisi ilikuwa inauliza hilo hilo, nami sikuelewa swali.

Kibali kimetoka. Nyota moja naikata kwa sababu ya simu: ukimpigia leo anapokea keshokutwa, na ripoti ilichelewa wiki mbili, mafundi wananiuliza kila asubuhi, "Bosi, tunaanza lini?"