Makiwara ya mvule na kamba ya mkonge: miezi minane ya kuipiga

Makiwara ni ubao unaochimbiwa ardhini, wa kufanyia mazoezi ya ngumi za karate. Kabla yake nilinunua begi la kupigia dukani. Ndani mlikuwa na mchanga na vitambaa chakavu. Haukuisha mwezi, mchanga wote ukashuka: kifuani pakawa laini kama mto, chini pagumu kama jiwe. Siku moja ngumi ilitua vibaya, kifundo cha mkono kikavimba, nikakaa wiki tatu siwezi kukunja kiganja. Nikalirudisha. Muuzaji akasema mali ikishatoka dukani hairudi.

Sensei wetu, mwalimu wa karate, aliniambia, "Mdogo wangu, wewe tafuta ubao."

Nikaenda kwa fundi seremala, Ngamiani, hapa Tanga. Makiwara hakuwahi kuisikia, nikamchorea kwenye kipande cha boksi: futi saba, mbili na nusu zikae ardhini, unene inchi tatu chini ukipungua hadi nusu inchi juu. Hapo pa kupungua ndipo penye kazi yote. Ubao mnene juu mpaka chini hauinami, na usipoinama mshindo wote unaurudia mkono wako. Fundi akachagua mvule kwa sababu ya mchwa, akaupiga randa mbele yangu. Sh. 45,000, na sijutii hata senti.

Okinawa, kisiwa cha Japani makiwara ilikotoka, huzungushia kamba ya majani ya mpunga. Sisi Tanga tuna mkonge tangu Mjerumani Hindorf alipouleta mwaka 1893, basi nikazungusha mkonge.

Sasa niseme nilichokipata. Nilikuwa napiga kwa bega, nikidhani nina nguvu. Ukipiga hivyo, makiwara inalia "pa!" kavu na mkono unarushwa nyuma. Lakini kisigino cha mguu wa nyuma kikikanyaga, nyonga ikageuka, na mkono wa pili ukavutwa kiunoni wakati huohuo, mlio unakuwa mzito na ubao unabaki umeinama mpaka uutoe mkono. Ilinichukua karibu miezi miwili kuusikia mlio huo mara ya kwanza. Kiwiko nacho kikitoka nje kidogo tu, ngumi inateleza pembeni; vifundo vya kidole cha shahada na cha kati ndivyo vinavyotakiwa kugusa, basi. Hakuna kioo kilichonirekebisha hivyo.

Kasoro zipo. Masika ilipopiga, kamba ililegea, ikaota ukungu, nyuzi zikaanza kuchuna ngozi. Na hakikisheni misumari ya kushikilia kamba inapigwa upande wa nyuma. Fundi wangu alipiga miwili mbele, nikaing'oa kabla haijanila. Kelele pia. Jirani yangu, bibi wa watu, aliniita: "Baba Salma, kuni gani hizo za alfajiri?" Nikamwomba radhi, sasa napiga baada ya alasiri.

Anayeanza apige ishirini kila mkono, polepole. Ngozi ikichubuka aache mpaka ipone. Watoto nisingewaweka hapo kabisa, mifupa yao bado inakua. Wapige hewani, wajifunze kusimama.

Mimi sasa niko kwenye mia kila mkono, siku nne kwa wiki. Jumamosi nazungusha kamba mpya, na juu yake naweka mfuniko wa turubai kabla ya mvua za vuli.